Maharage Niliyoyang'oa Uani

Makambako, kambi ya barabara
Jumanne, alasiri

Mwanangu Elia,

Kamwene, nakusalimu. Utaona ajabu baba kumwandikia barua mtoto ambaye jioni hii hii atakula naye sahani moja. Lori la kutoka Njombe halijafika bado, nawe umo ndani yake, unarudi kutoka Kifanya kumuaga bibi yako. Mama yako ameshuka mtoni. Nina saa mbili hivi za kuwa peke yangu na meza hii, nikaona nizitumie, maana najijua. Ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama sabuni umeiweka na kama kamba ya sanduku ni imara, na maneno yangu yatakwisha hapo.

Habari za sanduku basi sitaandika. Mama yako atakuambia, naye anayajua hayo kunishinda. Mimi nataka kukuandikia habari za ua wetu wa nyuma, wa yale madebe. Unaufahamu ua ule vizuri, umekulia humo. Lakini yapo mambo huyajui kwa sababu ulikuwa mdogo, na mengine huyajui kwa sababu nilikuficha.

Nilirudi kutoka mkonge, Tanga, wewe ukiwa hujaanza kutembea. Nilikuwa nimekwenda mikataba miwili, na kifua changu kilikwisha kuwa hivi unavyokisikia. Nikapata kazi ya barabara, tukapewa chumba hiki. Nyuma yake palikuwa na hicho kiwanja kidogo, hatua nane kwa sita, kimesakafiwa mawe na saruji kwa sababu zamani walikuwa wakiweka mapipa ya lami hapo. Jembe halina kazi pale. Majirani zetu walivitumia viwanja vyao kuanikia nguo. Mama yako ni mtu wa Kidugala, amekulia bondeni penye maji, na tangu azaliwe alikuwa hajapata kukosa mboga mlangoni. Akasema hawezi kukaa mahali ambapo ardhi imefunikwa. Akaomba madebe matupu ya mafuta ya taa kila alikoyaona, akayatoboa chini kwa msumari, akabeba udongo kwa karai kutoka mtoni na samadi kutoka mazizi ya watu. Wewe ulikuwa mgongoni. Baada ya mwaka mmoja kiwanja kilikuwa kimejaa, njia imebaki ya mtu mmoja tu kupita.

Alipanda mnafu na mchicha. Alipanda maboga, yakatambaa juu ya mabati. Na kwenye ule ukuta wa matofali alipanda maharage yakapanda fito, kwa kuwa matofali hushika joto la mchana, na upepo wa Makambako unaujua. Mimi sikumsaidia hata siku moja. Nilirudi kazini, nikakuta chakula. Tulikula vizuri miaka ile, Elia, na sikujua kwamba tunakula vizuri. Nilidhani ndivyo watu wanavyokula. Mdogo wako Lidia alipozaliwa, mama yako alikuwa na maziwa mengi, na jirani zake walimwambia ni ule mnafu.

Sasa nikueleze lilivyoanza.

Mzungu aliyekuwa mkubwa wa barabara wakati ule alikuwa akipita kukagua usafi wa kambi. Siku moja alipita na mkewe. Yule memsabu akaingia uani kwetu, akasimama katikati ya madebe, akacheka kwa furaha. Walikuwa na mpishi, Festo, mtu wa Ipelele, ambaye baadaye ulimfahamu sana. Festo akatafsiri. Alisema memsabu amejaribu kulima mboga za kwao kule juu kwenye nyumba yao, lakini upepo unazivunja na baridi ya mwezi wa sita inazichoma, na kwamba ua huu wenye ukuta ni kama nyumba. Akauliza kama naweza kumlimia. Aliniuliza mimi. Mama yako alikuwa amesimama pale pale na karai mkononi, lakini mimi ndiye niliyeulizwa, na mimi ndiye niliyejibu kwamba naweza.

Niseme kweli kwa nini nilijibu hivyo. Kazi nilikuwa nayo, na bwana yule hakuwa mtu wa kutisha. Lakini wewe ulikuwa na miaka sita, na mwalimu wenu alikuwa ameniambia kanisani kwamba unasoma upesi kuliko waliokutangulia. Nilijua kwamba baada ya darasa la nne mlango ni mwembamba, wanaingia wachache. Na nilikuwa nimewaona makarani wakipata kazi kwa barua ya Mzungu. Nikafikiri, huyu akinifahamu, akala mboga zangu kila juma, siku moja ataandika barua, na mtoto wangu ataingia shule ya juu na hatakwenda mkonge. Mawazo yangu yote yalikuwa hapo. Usiende mkonge. Kesho asubuhi unapanda lori la manamba, kwenda mkonge ule ule.

Memsabu alileta pakiti za mbegu zenye picha. Karoti, koliflawa, liki, saladi. Nafasi haikuwapo. Jumamosi moja mama yako alikuwa mtoni, nikang'oa. Nilianza na mnafu, kisha mchicha, kisha nikafika ukutani. Maharage yalikuwa yametoa maua. Nilizichomoa fito, nikayang'oa. Wewe ulikuwa unanisaidia kuyarundika, ukidhani ni mchezo. Mama yako akaingia na maji kichwani. Alitua ndoo, akatazama rundo lile, akaniuliza, "Na sisi tutakula nini?"

Nikamjibu, "Tutakula baadaye."

Hakuuliza tena. Nami kwa miaka mingi nilimsifu moyoni kwa kutouliza tena, nikidhani amenielewa.

Nataka ujue jambo moja ambalo linanitia aibu kuliko mengine. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa mtu wa sururu na kokoto tangu asubuhi, na nikirudi nilikuwa na kitu changu ambacho watu wakubwa walikuja kukitazama. Nilijifunza kwamba karoti haipendi kuhamishwa, ipandwe pale pale itakapokaa, na udongo usiwe na kijiwe hata kimoja, ndiyo maana ulikaa siku nzima ukichekecha udongo kwa vidole vyako. Nilijifunza kufunga majani ya koliflawa juu ya ua lake ili lisigeuke manjano. Niliokota viwavi kimoja kimoja kabla ya kwenda kazini. Mwezi wa sita, umande ulipokuwa ukiganda mweupe kama chumvi, nilifunika madebe kwa magunia na asubuhi nikayafunua kama mtu anayemwamsha mtoto. Wewe ulikuwa ukinifuata na kikombe cha kumwagilia. Ulikuwa ukiniuliza majina. Nadhani zile zilikuwa asubuhi zetu nzuri, mimi na wewe, na siwezi kuzikumbuka bila kuchukia kwamba zilikuwa nzuri.

Kwa maana ndani tulikuwa tunakula ugali na chumvi. Siku nyingine dagaa kidogo, siku nyingine maharage machache mama yako aliyopewa na wenzake. Nilimkataza kuchuma. Nilisema koliflawa ikikosekana moja tu, memsabu atajua, atatafuta mwingine. Hata yale majani ya nje tuliyoyatupa nilitaka yaende kwenye samadi.

Unaikumbuka ile karoti. Najua unaikumbuka, kwa kuwa tangu siku ile hujapata kula karoti. Nilirudi nikaona tundu kwenye debe la pili kutoka mlangoni, nikakuuliza, ukasema ni wewe. Nikakupiga kwa ufito. Hukulia na hukujitetea, nami nikaona ukimya wako ni ukaidi, nikaongeza. Kwa muda mrefu nilijua tu kwamba nilikupiga kwa karoti moja. Ni bibi yako aliyeniambia, mwaka mmoja baada ya msiba, tukiwa Kifanya. Alisema, "Mtoto aliniambia alimchumia mdogo wake. Lidia alikuwa akiililia ile rangi." Nilitoka nje nikakaa nyuma ya ghala la mahindi. Nilitaka kurudi nikuombe radhi. Nilipofika Makambako nikakuta umekua kidogo, unacheza na wenzako, nikasema moyoni amekwisha kusahau. Mtu anayetaka kusamehewa bila kuomba hujiambia maneno kama hayo.

Lidia aliachishwa ziwa mwaka ule ule wa koliflawa. Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka nywele zake tu, zilivyogeuka nyekundu kama nyuzi za mahindi. Watu wa kambini walisema ni nywele nzuri. Kisha miguu ikavimba, na uso, na akawa hataki kucheza, anakaa tu mlangoni akitazama madebe. Mimi niliona uso umejaa, nikasema mtoto ananenepa. Mama yako ndiye aliyesema twende zahanati. Nilikwenda naye mimi, kwa kuwa mama yako alikuwa na homa siku ile. Mganga wa zahanati alikuwa mtu mpole, mzee kidogo, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, kidole kikaacha shimo. Akaniambia huyu anakosa chakula cha kumjenga. Akataja maharage, maziwa, mayai, na mboga za majani. Kisha akaniuliza, "Nyumbani mna bustani?"

Nilikuwa na udongo kwenye kucha. Nikasema, "Ipo."

Akasema, "Basi una bahati. Wengi wanaokuja hapa hawana."

Nilirudi njiani nimembeba begani, mwepesi, na yale maneno ya mganga yakiwa masikioni mwangu. Nilikata shauri kwamba nitayarudisha maharage. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi kikapu kilikuwa kiende, memsabu alikuwa na wageni na alikuwa ameagiza koliflawa sita. Nikasema nitaanza Jumatatu. Jumatatu nilipanda maharage madebe matatu. Jumatatu hiyo hiyo, Elia, wala si baada ya mwezi. Lakini maharage hayaivi kwa kuwa mtu amejuta. Nilimwambia mama yako achume saladi na majani ya karoti, akamchemshia, akala kidogo. Kabla maharage hayajaota vizuri, surua ikaingia kambini. Wewe uliugua siku tano ukainuka. Watoto wengine wa kambi waliugua wakainuka. Lidia hakuinuka.

Mganga alisema ni surua, na kwamba surua haichagui. Nimejishikiza kwenye neno hilo miaka kumi. Haichagui. Lakini mimi nilikuwapo, nikaona kwamba ilichagua.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukueleza, hata mimi mwenyewe sijielewi. Siku ya tatu baada ya kuzika, nilichukua ndoo nikamwagilia. Memsabu alikuja kutupa pole, akalia machozi, na alikuwa analia kweli. Hakujua lolote. Hakuna aliyemwambia kwamba tulikuwa hatuli zile mboga, na kama angeambiwa nadhani angeona ni wazimu, maana kwao mtu akilima karoti anakula karoti. Juma lililofuata nilipeleka kikapu. Nilijiambia kwamba nikiacha sasa, Lidia atakuwa amekwenda bure, na wewe utabaki bila barua. Nikaendelea miaka mitano mingine. Bwana alipohamishiwa Njombe, nikawa nakituma kikapu kwa lori la barabara, na wewe ukikisindikiza hadi mlango wa jikoni kwa Festo.

Mama yako aliendelea kutupikia. Lakini tangu msiba hajala kitu chochote kilichoota katika madebe yale. Umekula naye miaka yote hiyo na sijui kama umeligundua. Bwana na memsabu walipoondoka nchini, nilirudisha mnafu, nikapanda kama alivyokuwa akipanda yeye, nikachuma nikamwekea jikoni. Aliupika vizuri, akatupakulia mimi na wewe, yeye akala ugali na chumvi. Nilimwambia kula, mama Elia. Akaniambia, "Nimeshiba." Mpaka leo ananijibu hivyo.

Sasa nije kwenye barua, kwa kuwa hiyo inakuhusu wewe na nimekudanganya juu yake.

Unajua kwamba nilikuwa nikisubiri barua ya bwana. Nilikuambia tangu ukiwa darasa la pili. Ulipofika darasa la nne, nilimwomba Festo amwombe bwana aniandikie. Nilimwambia Festo hivi: mwambie naomba barua nzuri. Sikusema barua ya nini. Nilidhani anajua. Miaka yote ile ya koliflawa, nilidhani mtu hawezi kula chakula cha mtu hivyo bila kujua anataka nini. Bwana akaandika upesi, tena kwa mashine, akatia sahihi ndefu. Ilikuwa Kiingereza. Mimi nilijifunza kusoma kwa Biblia ya Kiswahili kule Kidugala, Kiingereza sijui hata neno. Nikaikunja ndani ya kitabu cha nyimbo, na nikawa mtu mwenye amani.

Kisha ikaja siku ya mtihani wenu. Siku hiyo hiyo memsabu alikuwa na karamu ya kuaga Njombe, aliagiza kikapu kikubwa kuliko vyote. Lori lilikuwa linaondoka alfajiri. Ulisimama pale mlangoni na kalamu yako mfukoni, ukasema, "Baba, leo ni mtihani." Nami nikakujibu, "Mtihani ni wa wasio na barua. Nenda Njombe." Ulikwenda. Ulirudi jioni na kikapu kitupu, ukaniambia Festo amekupa mkate wenye siagi.

Mwezi uliofuata nilikupeleka kule shule ya juu. Ulingoja nje chini ya miti ya miwati, mimi nikaingia kwa mwalimu mkuu na barua yangu. Alikuwa Mwafrika, kijana, mwenye adabu. Akanipa kiti. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akaisoma tena. Akaniuliza nilikuwa nataka nini. Nikamweleza. Akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Barua ilisema kwamba aliyeishika ni mtu mwaminifu, hanywi pombe, na ni mtunza bustani hodari ambaye bwana yeyote atafurahi kumwajiri. Jina lako halikuwamo. Neno mtoto halikuwamo.

Mwalimu akasema, "Mzee, angekuwa amefanya mtihani ningemtafutia nafasi hata sakafuni. Bila mtihani siwezi." Nikamshukuru, nikatoka. Ulikuwa umesimama, umeshavaa uso wa kuuliza. Nikakuambia nafasi zimejaa.

Hazikuwa zimejaa, Elia. Umeishi miaka mitano ukidhani ulifika ukaonekana hufai. Nimekusikia ukiwaambia wenzako kwamba wewe kichwa chako ni kizito. Nilisikia nikiwa ndani, nikanyamaza. Kichwa chako hakikupimwa. Nilikituma Njombe na kikapu.

Nimefika hapa naona natakiwa niandike mashauri, kama baba wengine wanavyofanya. Ninalojua ni dogo. Najua kwamba ukitaka kitu kwa mtu, kiseme kwa jina lake, mbele yake, kabla hujaanza kumtumikia. Akikataa utakuwa umepoteza siku moja. Mimi nilipoteza miaka sita kwa kuogopa kusema maneno mawili, nikauita woga ule heshima. Na najua kwamba mtu wa nyumbani kwako akikuuliza swali mara moja tu, lile ni swali alilolibeba muda mrefu kabla ya kulisema. Hayo mawili ndiyo niliyonayo. Sijui kama yana kazi yoyote huko uendako.

Huko uendako napajua. Wewe hukuniuliza, nami sikukuambia, kwa sababu tangu ulipojiandikisha tumekuwa kama watu wawili waliokutana stendi. Nilipata habari kwa karani anayeandikisha, si kwako. Nilipokuja kukuuliza kwa nini, ulikuwa unafunga kamba ya kiatu. Ulisema, "Baba, hapa ninangoja nini?" Hukusema kwa ubaya. Uliuliza kweli, ukaninyanyulia macho ukingoja jibu. Nikatafuta. Nikafikiria kokoto za barabara, kukata miwati, shamba la bibi yako lililochoka. Nikasema nitakuazima kofia yangu.

Basi nikuambie kweli sasa. Mkonge una miiba mwishoni mwa kila jani, na mwenzangu mmoja wa Kifanya alipoteza jicho siku ya nne. Watakupa kipande cha siku thelathini, na utadhani siku thelathini ni mwezi, kumbe ni siku unazomaliza kazi yako yote, na homa haihesabiwi. Joto litakushangaza. Utaota baridi ya kwetu. Lakini hayo mwili huzoea. Lisilozoeleka ni kwamba baada ya mkataba wa kwanza utaona haya kurudi ukiwa hivyo ulivyo, utasema acha niingie wa pili ili nirudi mtu. Mimi nilirudi baada ya wa pili kwa sababu ya kifua tu, walinitoa. Niliokwenda nao tulikuwa kumi na wawili kutoka vijiji vyetu. Niliporudi, ni wawili tu tuliorudi. Wengine sijui. Mama zao walikuwa wakiniuliza kila Jumapili, mpaka nikaacha kusali Kifanya.

Sitakuambia usiende. Hilo neno nililitumia vibaya miaka yote, sina haki nalo tena. Wala sitakuambia kwamba mambo yatakuwa mema, kwa kuwa sioni njia ambayo yatakuwa mema, na sitaki neno langu la mwisho kwako liwe kama yale mengine. Kifua hiki hakitangoja mikataba miwili. Nimehesabu, na nadhani nawe umehesabu. Kesho tutakapopeana mikono pale njia panda mbele ya watu, tutasema kwaheri ya kuonana kama watu wote wasemavyo, na wewe hutanisahihisha wala mimi sitakusahihisha.

Nakuomba radhi kwa karoti. Nakuomba radhi kwa mtihani. Kwa Lidia siwezi kukuomba wewe, ingawa alikuwa dada yako. Sijui wa kumwomba. Mchungaji alinisomea maneno ya msamaha, nikayasikia, nikasema amina, nikatoka nikiwa vile vile. Nawe ukishindwa kunisamehe, kama nilivyoshindwa mimi mwenyewe, sitakulaumu.

Mama yako anapanda mteremko, naona ndoo yake juu ya majani. Niharakishe.

Barua hii nitaitia ndani ya shati lako jekundu, chini kabisa. Hutaiona mpaka utakapofika na kufungua sanduku lako, na hivyo ndivyo nitakavyo, usilazimike kunitazama baada ya kuisoma. Hutakuwa na deni la kunijibu. Mtu mwingine akiniuliza kama mwanangu ameandika, nitasema yuko mbali, na hilo litakuwa kweli.

Ila mwandikie mama yako. Yeye hakufundishwa kusoma, unajua, na hapa kambini hakuna wa kumsomea ila mimi. Isikuzuie hiyo. Andika lolote unalotaka kumwambia juu yangu, andika kama ulivyolibeba. Nitakaa mbele yake, nitamsomea lote, sitaruka neno.

Ndimi niliyekuzaa,
Baba yako, Yeremia